Tonge la Enyasa Ndani ya Bomba

Iko asubuhi moja ya Koboko, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja vinanilowa jasho. Si asubuhi ya vita, ingawa vita nimeviona. Ni asubuhi ya sufuria chafu. Kaa huko uliko nikusimulie, na usinicheke mapema. Wako wengi walionicheka kabla yako, na nitakueleza kicheko chao kiliishia wapi.

Kwanza ujue kwamba mimi ni mwoga. Nalisema bila aibu. Vijana ninaofanya nao kazi hapa Mvara, tukitengeneza mageti na madirisha, wamechoka na mimi, kwa sababu sianzi kuchomelea kabla sijapapasa mpira wa gesi kutoka mwanzo hadi mwisho, na sikubali mtu aguse pipa kuukuu kwa moto kama hatujui lilibeba nini. Juzi mmoja wao aliniambia, "Mzee, wewe naogopa mpaka kivuli yako!" Nikamjibu kwamba kivuli changu kina bahati, maana mwenye nacho bado yu hai. Walicheka, nami nikacheka nao. Lakini sikuzaliwa na woga wote huu. Sehemu kubwa niliipata kwenye boila.

Miaka hiyo nilikuwa kijana, damu inachemka, mke bado sijapata. Kampuni moja ilikuja kujenga kituo kidogo cha umeme nje ya mji wa Koboko, kando ya barabara ya kwenda Arua. Umeme wake ungetoka kwenye kuni: moto unachemsha maji ndani ya boila, mvuke unazungusha mtambo, mtambo unawasha taa. Sisi tuliokuwa tumezoea kibatari na moshi wake puani, tuliposikia habari hiyo, kila mwenye mikono miwili alikimbilia getini. Mimi nilijua kuchomelea kidogo, ufundi wa kuunga fremu za baiskeli. Nikachukuliwa, nikafundishwa upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Pamoja nami alichukuliwa Lemi. Huyu alikuwa kijana Mkakwa aliyevuka mpaka kutoka upande wa Yei, yeye na mkewe Kiden, wakiwa wamembeba mtoto mchanga na sufuria moja. Tulipanga vyumba viwili vilivyopakana, na Kiden alitupikia sote. Sikuwa na ndugu mjini pale, basi Lemi akawa ndugu yangu. Alikuwa mrefu, mkimya, mwenye kifua kama mlango wa ghala, na hakuna kitu nilichowahi kuona kikimtisha. Nilimpenda kwa hilo, na mara nyingine nilimwonea wivu.

Mkubwa wetu wa mafundi alikuwa Mzee Taban, mzaliwa wa Abuku, aliyezunguka na kazi ya chuma Kongo na Sudan mpaka nywele zikageuka. Sauti yake ilikuwa ndogo hata ukalazimika kuinama kumsikia, lakini akinyamaza mbele ya mshono wako, unajua umeharibu. Juu yake alikuwepo Madam Injinia, mwanamke wa kutoka Kampala, mwenye hatua za haraka na maneno machache. Yeye tulimwogopa kidogo. Mzee Taban tulimwogopa sana, kama unavyomwogopa baba ambaye hajawahi kukupiga.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hutaelewa hofu yangu. Ndani ya boila kuna mabomba membamba yamesimama bega kwa bega, mengi kuliko mabua shambani. Yote yanazaliwa na bomba moja nene lililolala juu, na yanaishia kwenye jingine nene lililolala chini. Lile nene la juu sisi tuliliita mama. Kila bomba dogo lazima liungwe na mama kwa mshono wa moto unaolizunguka pande zote, na nafasi kati ya bomba na bomba haipitishi hata ngumi. Upande wa nyuma huuoni kabisa. Basi unatundika kioo kidogo, kile cha kunyolea ndevu, na unachomelea huku ukitazama kiooni. Mkono unakwenda kulia, macho yanakuambia unakwenda kushoto. Siku za kwanza nilitamani kulia. Mzee Taban alinishika kiwiko akaninong'oneza, "Hapana pigana na kioo. Acha mukono itembee pole pole, macho itazoea." Nayo yakazoea.

Chuma kile kilikuwa na ukaidi wake. Ukikichomelea, lazima ndani ya bomba pawe pamejaa gesi isiyoungua, la sivyo mshono unaharibika upande wa ndani na kufanya mabonge kama sukari iliyoungua. Ili gesi isitoroke, unaziba bomba kwa ndani, huku na huku ya kiungo. Ilikuwepo karatasi maalumu ya kuzibia, laini, ambayo kazi ikiisha maji yanaiyeyusha na kuiondoa. Mvua kubwa zikaja, barabara zikaharibika, gari la vifaa halikufika, na karatasi ikaisha. Ilikuwa imebaki safu ya mwisho ya mabomba. Madam Injinia alikuwa safarini kuwaalika wageni wa siku ya kuwasha moto, na ametuachia neno moja tu: akirudi akute safu imefungwa.

Nani alianza, sikumbuki. Ninachokumbuka ni kwamba tulikuwa tunakula mchana, na mtu akachukua tonge la enyasa, akalikanda, akalisukuma ndani ya bomba. Unaijua enyasa yetu, mwanangu, unga wa muhogo ukisongwa vizuri unavyoshika kama udongo wa mfinyanzi. Gesi ikatulia ndani. Mshono ukatoka safi. Tukapiga makofi, tukasema leo boila nalo limekula. Na akili zetu zikatuambia kwamba enyasa ni chakula tu, chakula hulainika kwa maji, na boila likioshwa matonge yote yatayeyuka yaende zake. Hata Mzee Taban alikuja, akaangalia, akabonyeza kwa kidole, akakubali. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Sikatai, lakini pale tulikuwa wengi na hakuna aliyeuliza. Fundi wa nchi nyingine angesimamisha kazi akasubiri karatasi. Sisi tulikuwa na enyasa mkononi.

Boila likaoshwa. Likajazwa maji, maji yakasukumwa kwa nguvu kutazama kama kuna mshono unaovuja. Haukuvuja hata mmoja. Mzee Taban alitabasamu, na tabasamu lake lilikuwa kitu cha kuhesabiwa kama mvua ya kiangazi. Siku ya kuwasha ikatangazwa.

Lemi ndiye aliyechaguliwa kusimama mlangoni mwa tanuri, kulisha kuni na kutazama moto. Ilikuwa heshima kubwa, kwa sababu wageni wote wangemwona. Kiden alimpigia shati pasi ya makaa. Alfajiri nilimsikia Lemi kupitia ukutani akipiga mluzi, yeye ambaye hakuwa mtu wa kupiga mluzi. Akaondoka mapema. Mimi zamu yangu ilikuwa baadaye kidogo, nikaendelea kulala.

Nilipotoka nje, mswaki mdomoni, Kiden alikuwa ameinama uani na sufuria, mtoto mgongoni. Jana yake mtoto alilia sana, enyasa ikaungulia chini. Aliiloweka usiku kucha. Sasa alimwaga yale maji, na maji yalitoka meupe, safi, hayakubeba kitu. Ukoko ulikuwa palepale, mweusi, umeshika chuma kama sehemu yake. Aligonga kwa kijiko, ukalia ko, ko.

"Hii kitu ikishaungua, maji haiwezi," alisema bila kugeuka. "Mpaka nitafute jiwe."

Nilisimama pale. Povu la dawa ya meno likanitiririka kidevuni na sikulifuta. Nilikuwa nayaona mabomba ya safu ya mwisho, chuma kimeiva chekundu chini ya mkono wangu na mikono ya wenzangu, na upande wa pili wa wekundu ule, karibu tu, tonge la enyasa. Tulilichoma. Tulilichoma kuliko Kiden alivyoichoma sufuria yake. Na yale maji tuliyoyasukuma hayakuthibitisha kitu, kwa sababu maji yakikuta bomba moja limezibwa hupita jirani, na nje huoni tofauti yoyote.

Nikuambie nilichokiogopa. Mabomba yale yanakaa uso kwa uso na moto. Kinachoyaokoa yasiyeyuke ni mvuke unaopita ndani yake na kulibeba lile joto. Mvuke usipopita, bomba linaiva, linavimba, linapasuka, na mvuke wa mabomba yote mengine unatafuta njia hapo. Mzee Taban alishaona jambo hilo mara moja, katika nchi aliyofanyia kazi ujanani. Alitusimulia siku moja tu na hakurudia. Alisema mvuke wa nguvu ile hauonekani kwa macho. Alisema, "Nguo ya ile mutu ilibaki nzima. Yeye ndani ya nguo ndiyo iliiva."

Kiden akageuka. "Mbona wewe nanitazama hivyo? Lemi iko sawa?"

"Iko sawa," nikamwambia. Nilimdanganya mke wa ndugu yangu mchana kweupe, mtoto wake akinitazama kutoka mgongoni. Sikuvaa hata viatu vya kazi. Nilitoka na kandambili.

Njia ya kwenda kazini ilipita kwenye mashamba ya tumbaku, na nilikimbia nikisikiliza. Kila lori lililopiga kishindo barabarani nilidhani ni boila. Nilipopanda kilima nikaliona dohani, na juu ya dohani moshi. Mwembamba bado, wa kukausha matofali ya tanuri. Nilijua utaratibu: asubuhi moto mdogo, mchana wageni wakishakaa, moto mkubwa. Nilianza kuomba kwa sauti, Kiswahili na Kilugbara vimechanganyika, na sikumbuki niliomba nini zaidi ya jina la Lemi.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo kiini. Nilipofika getini, hofu ile ikapata pacha. Turubai zilikuwa zimetandazwa. Viti vimepangwa, wazee wa Koboko wameanza kukaa, mbuzi wamechinjwa. Nami nani? Kijana wa kuunga baiskeli. Nitasema nini? Kwamba boila lote hili lililopimwa na kusifiwa lina chakula tumboni? Kwamba Mzee Taban, aliyenifundisha kushika kioo, alibonyeza tonge kwa kidole akakubali kosa? Kwetu mtoto hamkosoi mzee mbele za watu. Hilo tunanyonya na maziwa. Nilihisi hofu ya moto inanivuta mbele na hofu ya watu inanivuta nyuma, na aibu niliyonayo kukuambia ni kwamba ya watu ilikuwa na nguvu zaidi.

Nikamwona Mzee Taban amesimama na wazee wenzake, anawasalimia. Nikaenda nikasimama kando, mikono nyuma, kichwa chini, kama nilivyolelewa. Nikasubiri amalize. Salamu zetu unazijua: habari ya nyumba, ya mifugo, ya mvua, ya waliokufa. Nilisubiri. Kutoka pale nilimwona Lemi mlangoni mwa tanuri, shati lake limenyooka, akitupa kuni ndani kwa madaha, na kila akitupa, moshi ulizidi unene. Hata hivyo sikusogea, kwa sababu adabu ilinikataza.

Hatimaye mzee akaniona. Nikamvuta pembeni, nikamnong'oneza kila kitu: sufuria, ukoko, safu ya mwisho. Nilizungumza taratibu ili asione haya. Uso wake ulibadilika, ukawa wa kijivu kama majivu. Nilidhani atanikaripia kwa kumkosoa.

"Wewe umefika hapa saa ngapi?" akauliza.

"Sasa hivi tu, Mzee. Nilikuwa nangoja umalize kusalimia."

Akanishika shingo ya shati. Mzee yule mwenye sauti ndogo. "Nyumba inaungua, mutu iko ndani, na wewe nangoja salamu? Wewe nanong'ona? Unanong'onea nani, moto?"

Akaniachia, akakimbia. Sikujua kwamba angeweza kukimbia. Alipaza sauti ambayo sikujua kwamba anayo, mpaka wageni wakainuka vitini: "Lemi! Toka hapo! Acha kuni, toka!"

Kila kitu kikasimama. Madam Injinia akaja kwa hatua zake za haraka. Mzee Taban alinisukuma mbele, mkono wake mgongoni mwangu, akasema, "Sema. Na sema kwa sauti, watu wote wasikie."

Nikasema. Sauti ilinitetemeka kama ya mbuzi. Niliposema neno enyasa, mtu nyuma akaguna kwa kicheko. Madam Injinia hakucheka. Aliniuliza swali moja tu.

"Una hakika?"

Mwanangu, nilitamani kusema ndiyo. Lakini nilikuwa nimeshadanganya mara moja asubuhi ile. "Hapana, Madam. Sina hakika. Naogopa tu."

Akalitazama dohani, akawatazama wageni waliotoka Arua na mbali zaidi kwa gharama yake, akamtazama Lemi. "Hiyo inatosha," akasema. "Toeni moto."

Madam huyu niliyekuwa nikimhofia, ndiye aliyezima kwa neno moja. Mara ngapi tunamwogopa mtu kwa maneno tuliyomwekea mdomoni sisi wenyewe.

Usidhani nilibebwa juu. Moto ulikokotwa nje, wageni wakapewa nyama na maneno ya kuomba radhi, wakaondoka wakinung'unika. Na kicheko kikaanza. Kwa muda wote tuliongoja chuma kipoe, jina langu lilikuwa Enyasa. "Enyasa, kuja hapa." "Enyasa, leo umeota sufuria gani?" Hata wauza chai wa barabarani walilijua. Vicheko vya wengine nilivistahimili. Cha Lemi hakikuwepo, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alivua glavu zake mpya, akazitupa miguuni pangu.

"Wewe ulikuwa na wivu," alisema. "Uliona mimi nimesimama mbele ya watu, ukaona vibaya."

Akawa anakula chumbani kwake na mlango umefungwa. Kiden aliniwekea sahani yangu kizingitini, akarudi ndani. Nilikula peke yangu.

Ikafika siku ya kukagua. Ilibidi tukate kofia ya mwisho wa mama, mshono tulioufanya kwa jasho, ili mpira mdogo wa mviringo upulizwe kwa hewa ndani ya kila bomba la safu ile. Bomba zima, mpira unatoka chini. Lililoziba, hautoki. Watu wote walikusanyika, wengine wameacha kazi zao makusudi waje kunitazama nikiaibika.

Bomba la kwanza, mpira ukatoka, to! Kicheko. La pili, ukatoka. La tatu nalo. Matonge mengine kweli yalikuwa yamelainika au yamesukumwa na maji, kwa hiyo hata sisi hatukuwa wajinga kabisa. Kila mpira ulipodunda sakafuni, kelele ziliongezeka, na mimi nilizidi kuwa mdogo. Na hapo, mwanangu, moyoni mwangu kulitokea jambo ambalo linanitisha mpaka leo kuliko mvuke. Nilijikuta namwomba Mungu liwepo bomba lililoziba. Niliomba kifo kiwe kweli kilikuwemo mle ndani, ili nisichekwe. Angalia kicheko cha watu kinavyoweza kumfanya mtu.

Safu ikakaribia kuisha. Mpira ukapulizwa. Tukasikia hewa inavuma. Mpira haukutoka.

Mwenye kupuliza akaongeza nguvu ya hewa. Haukutoka. Akajaribu tena. Hakuna aliyecheka. Madam Injinia akasema bomba likatwe, likakatwa, na kikadondoka kipande cheusi, kigumu, kimebana mpira nyuma yake. Mzee Taban akakiokota. Akakigonga kwenye mama, kikalia kama jiwe.

Kila fundi alikuwa na alama yake aliyoigonga kwenye chuma kando ya mshono wake, ili kesho pakitokea kitu ijulikane nani alifanya. Madam Injinia aliuliza alama ya hapo ni ya nani. Mzee Taban akasugua masizi kwa kidole gumba. Akasugua tena, amewapa watu mgongo.

"Ni yangu," akasema.

Nilitamani ardhi inimeze kwa niaba yake. Lakini yeye aligeuka, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akasema kwa ile sauti yake ndogo, na pale hakuna aliyelazimika kuinama, kwa jinsi palivyokuwa kimya:

"Siku ile wewe umekuja kwangu na adabu yako, mimi nilijua inaweza kuwa yangu. Mikono yangu siku hizi inatetemeka, nilikaa na moto muda murefu pale. Nilijua. Kama wewe ungeendelea kuniheshimu kidogo tu, tungezika huyu mutoto."

Akamwonyesha Lemi kwa kidevu.

Lemi alikwenda mlangoni mwa tanuri, akasimama pale aliposimama siku ile, miguu palepale. Lile bomba lilikuwa likimtazama moja kwa moja. Aliinua kiganja, akakiweka usawa wa pale bomba lilipoziba, kisha akakirudisha polepole bila kukipandisha wala kukishusha, mpaka kikagusa mwili wake mwenyewe. Kiligusa kifuani. Alibaki hivyo, mkono kifuani, na kwa mara ya kwanza niliona mtu yule ameogopa. Akatoka akaenda nyuma ya matangi, tukamsikia akitapika.

Jioni nilikuwa nimekaa kizingitini pangu. Mlango wa Lemi ukafunguka. "Kuja," akasema, "chakula inapoa." Nikaingia. Tulinawa katika karai moja. Hakunishukuru, wala mimi sikungoja shukrani. Kiden alikuwa amegeukia ukutani ananyonyesha, na mabega yake yalikuwa yanatetemeka.

Safu nzima ilikatwa na kuungwa upya, kwa karatasi yake halisi, tuliyoisubiri mpaka ikafika. Moto uliwashwa bila wageni. Mzee Taban aliomba asiguse tena mshono wowote wa boila, akabaki kufundisha, na nadhani alifundisha vizuri zaidi baada ya siku ile. Alizikwa kwao Abuku miaka mingi baadaye. Lemi na mimi tuliushika udongo tukautupa pamoja.

Basi mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami naitoa nikiwa bado mwoga. Woga wako usiuonee haya. Ukikujia, usiufukuze kama mbwa, uulize umeona nini. Mara nyingine utakuta haujaona kitu, utacheka na kwenda zako. Mara nyingine umeona kile ambacho macho yako yamekataa kukitazama. Wahenga walikwisha sema, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilipelekewa kicheko nyumbani, kikanichoma, lakini kicheko hakichimbiwi kaburi.

Tena usingoje uwe na hakika. Hakika huwa inafika pamoja na maiti. Sema, "naogopa," na useme kwa yule mwenye uwezo wa kuzima moto, na useme kwa sauti. Mficha maradhi kifo humuumbua, na anayenong'ona juu ya hatari anaificha nusu. Mheshimu mkubwa wako, ndiyo, mpishe njia, mpokee mzigo, umsalimie kwa mikono miwili. Lakini heshima si utumwa, na mzee mwenye akili hatakushukuru ukimwachia aue mtu kwa sababu uliona vibaya kumkatiza salamu. Nawe ukiwa mkubwa, maana utakuwa, siku kijana akikujia anatetemeka na jambo ambalo hana ushahidi nalo, usimwulize kwanza yeye ni nani.

Na ukichekwa, chekwa. Utapona. Angalia tu moyo wako usianze kuombea mabaya yatokee ili uonekane mkweli. Hapo ndipo woga unapooza na kuwa kitu kingine.

Ungekuwa mbele yangu sasa ningechota maji kinywani nikakupulizia kifuani, kama wazee wetu wanavyowafanyia watoto wanaokwenda safari. Uko mbali, basi pokea kwa maneno. Mungu akupe kazi ya mikono yako na akuache uzeeke nayo. Akupe woga unaoona, na kinywa cha kuusema. Akupe watu watakaokimbia ukipiga kelele. Na siku ya hatari usiyoiona wewe, inayokutazama kifuani huku umevaa shati lako jipya, amwinue mwoga mmoja mahali fulani, atoke mbio na kandambili kwa ajili yako.